Kalamu Nyekundu: Bunduki, machozi na hesabu isiyotosha

Karibuni tena. Barua za mwezi huu zimejaa silaha. Sijui ni wahadhiri waliokubaliana au ni hali ya dunia, lakini nimeziweka pamoja zile zinazouliza jinsi ya kupima insha na midahalo ya silaha za vita. Aliyeniandikia kuhusu mashairi huru anivumilie hadi toleo lijalo.

"Umeorodhesha, hukutathmini"

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, naishi Kahawa Wendani. Mhadhiri wetu alitupa insha ya hoja iliyoandikwa na mwanafunzi wa miaka ya nyuma, akatuagiza tutathmini mbinu zake za ushawishi. Insha inadai kwamba bunduki za kivita ziondolewe mikononi mwa raia wote nchini Kenya. Nilionyesha mahali alipogusa hisia, alipotegemea sifa za mtu mashuhuri na alipotumia mantiki, nikatoa mfano kwa kila moja na jedwali juu. Nimepata 9 kwa 20 na maneno mawili pembeni: "Umeorodhesha, hukutathmini." Nakutumia insha hiyo pamoja na kazi yangu. Nilikosea wapi?*

Marahaba, mwanangu. Mhadhiri wako ni bahili wa maneno lakini hakukuonea. Umeandika, "Hapa mwandishi ametumia hisia ili kumgusa msomaji." Ukaruka mstari: "Hapa ametumia takwimu ili kumshawishi msomaji." Sentensi hizo unaweza kuzibandika kwenye insha ya bunduki, ya mahari au ya bei ya unga bila kubadilisha hata herufi. Aristotle alikwisha kutugawia mafungu hayo matatu zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: sifa ya msemaji, hisia za msikilizaji na mantiki ya hoja. Hakuna mtahini atakayekulipa kwa kuyakumbuka. Anachotaka ni hukumu yako. Dai linasema hivi, mbinu hii imewekwa hapa ili kulishikilia. Je, inalishikilia, au imesimama kando tu ikipunga mkono?

Kwa mada hii hasa inabidi uwe mkali. Kifo hakihitaji ufundi mwingi ili kumliza msomaji. Mwandishi wa silaha anaweza kukuliza ukurasa mzima pasipo kuthibitisha chochote, nawe ukaifunga insha ukidhani umeshawishika.

Tuanze alipoanza yeye. "Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 risasi zililia Garissa. Wanafunzi 148, maua ya taifa hili, walichinjwa kama kuku. Damu yao ingali inalia. Je, tutaendelea kuwaruhusu raia wamiliki bunduki za kivita?"

Tukio ni la kweli na hakuna Mkenya asiyelijua. Hata hivyo shika kalamu. Waliouawa walikuwa 148, na wanafunzi kati yao walikuwa 142; mwandishi amewaita wote wanafunzi. Utaniambia ni jambo dogo. Mimi naona anayekosea hesabu ya maiti katika sentensi ya pili amenipa sababu ya kumshuku katika sentensi ya ishirini. Unaona kilichotokea? Kosa la hesabu limetoka likaenda kumharibia mwandishi sifa yake. Mbinu hizi haziishi katika vyumba vitatu vyenye kuta, kama ulivyozipanga kwenye jedwali lako. Moja ikiyumba, nyingine nazo hutikisika.

Zito zaidi ni hili: waliofyatua risasi Garissa walikuwa al-Shabaab. Hawakuwa raia wenye leseni, wala wafugaji wa Baringo wanaolinda mifugo. Kundi la kigaidi halisalimishi silaha kwa kuwa Bunge limepitisha kanuni kuhusu raia. Mwandishi amechukua uchungu wa tukio moja akaumimina kwenye dai la jambo jingine, na kwa kuwa macho yetu yamejaa machozi hatuoni alipovukia. Hapo ndipo ulipopaswa kusimama na kuandika nusu ukurasa. Wewe umeandika "mbinu hii imefaulu sana."

Halafu lugha. "Maua ya taifa", "kama kuku", "damu inalia": hayo ni maneno ya kukodi, kila mtu ameshayavaa. Mwaka 1998 nilikuwa nafundisha Eastlands. Shule zilipofunguliwa baada ya bomu la ubalozi wa Marekani, lililoua watu 213 hapa Nairobi, niliwapa vijana wa kidato cha tatu insha huru. Wengi waliniletea mito ya damu. Kijana mmoja aliandika kuhusu mama yake, aliyekuwa karani katika ofisi iliyotazamana na ubalozi. Wenzake waliposikia kishindo cha kwanza walikimbilia dirishani kutazama. Yeye alikuwa ameinama chini ya meza akitafuta kifuniko cha kalamu. Mlipuko mkubwa ulipokuja, vioo viliwaingia wale waliokuwa dirishani, na mama akabaki na macho yake. Kijana hakuandika neno "huzuni" hata mara moja. Nilikaa na karatasi ile kwa muda kabla ya kuweka alama.

Kisa kile kilinigusa, na papo hapo kikanifundisha jinsi bomu lile lilivyoumiza watu: wengi waliopoteza macho siku ile walikuwa wameenda madirishani. Hisia ya namna hiyo imebeba ujuzi ndani yake. Ukiiondoa, hoja inapungukiwa na kitu. Sasa ondoa "kama kuku" kwenye insha yako uone kama kuna kitakachopungua.

Aya ya tatu anaingia Kalashnikov. "Hata Mikhail Kalashnikov, baba wa AK-47, alijuta kabla ya kufa. Ikiwa aliyeiunda alijuta, sisi ni nani tuitetee?" Wewe ukaandika kwamba ametumia mtu mashuhuri, hivyo hoja ina nguvu. Kalashnikov alikuwa fundi wa bunduki. Ukiniletea neno lake juu ya kwa nini AK haikwami upesi ikiingia vumbi, nitanyamaza nisikilize. Juu ya sera ya silaha nchini Kenya hamshindi ujuzi chifu yeyote wa Turkana.

Na majuto yenyewe yana kisa kirefu kuliko tulivyosimuliwa. Barua yake kwa Patriaki Kirill wa Kanisa la Othodoksi la Urusi ilichapishwa Januari 2014, wiki chache baada ya kufariki kwake Desemba 2013. Ndani yake anauliza kama yeye, muumini, ana lawama kwa roho zilizotolewa na bunduki yake. Ni swali la mzee mwenye maumivu na sitalicheka. Lakini miaka mingi kabla ya hapo alikuwa akisema kwamba aliiunda ili kuilinda nchi yake na kwamba wa kulaumiwa ni wanasiasa. Na msemaji wa Kanisa alieleza kwamba silaha ikitumika kuilinda nchi, Kanisa linawaunga mkono walioiunda na askari wanaoibeba. Mwandishi amechukua kipande cha katikati akatupa mwanzo na mwisho. Msomaji anayekijua kisa chote atauliza: mwingine aliyemkata ulimi katika insha hii ni nani?

Ukitaka kuona sifa ya msemaji ikifanya kazi yake kikamilifu, tafuta hotuba ya Rais Eisenhower wa Marekani ya tarehe 16 Aprili 1953. Alisema kwamba kila bunduki inayoundwa, kila meli ya kivita inayoshushwa majini na kila roketi inayofyatuliwa ni wizi kwa wenye njaa wasiolishwa na wenye baridi wasiovikwa. Yangesemwa na padri tungeitikia amina tukaenda zetu. Aliyesema ni jenerali aliyeyaongoza majeshi ya washirika kuvamia Normandy mwaka 1944, mtu ambaye tungemtarajia atetee bajeti ya jeshi. Kisha akashuka kwenye bei: ndege moja kubwa ya mabomu ni shule ya matofali katika miji zaidi ya 30, meli moja ya kivita ni nyumba mpya za watu zaidi ya 8,000. Hisia imekaa juu ya hesabu, na hesabu imekaa juu ya jina lake. Ila na yeye usimwachilie. Katika miaka minane ya urais wake ghala la silaha za nyuklia la Marekani liliongezeka mara nyingi. Tathmini ya hotuba ile isiyotaja hilo imelala usingizi.

Sasa takwimu, ulizoziita "thabiti". Insha inasema kuna bunduki zaidi ya bilioni moja duniani, asilimia 85 ziko kwa raia, "kwa hiyo raia ndio tishio kubwa kuliko wote." Takwimu ni za kweli. Ni makadirio ya Small Arms Survey, taasisi ya utafiti ya Geneva, yaliyotolewa mwaka 2018: milioni 857 kwa raia, kama milioni 133 kwa majeshi na kama milioni 23 kwa polisi. Nakupa na nyingine ambayo mwandishi aliificha au hakuifikia: kati ya zile milioni 857 za raia, milioni 393 ziko Marekani, karibu nusu. Na hesabu hiyo imejumlisha bastola za kujilinda na bunduki za kuwindia bata. Insha inahusu bunduki za kivita, nchini Kenya. Kiatu ni kizuri, ila kimeshonewa mguu wa mtu mwingine. Isitoshe, lile "kwa hiyo" limeruka shimo. Wingi wa bunduki hausemi nani anaua. Anayetaka kusema nani ni tishio atuletee hesabu ya waliouawa na ya waliowaua.

Kuna mahali alipofanya vizuri, na hapo wewe ulipapita mbio. Ni aya ya sita, anapoeleza kwamba Novemba 2016 serikali ilichoma bunduki haramu 5,250 kule Ngong, na kwamba Februari 2023 ilibidi jeshi lipelekwe tena Bonde la Ufa kaskazini kusaidia polisi katika operesheni ya kupambana na majangili. Anauliza kwa nini bunduki hurudi. Ushahidi ni wa hapa, ni wa aina ya silaha anayoizungumzia, na swali linatokana nao. Ningempa alama zangu zote hapo, lakini jibu lake likawa "kwa sababu raia hawana uzalendo." Lo! Mfugaji wa Pokot au Turkana atakwambia kwa nini hurudi: aliyesalimisha bunduki jana huvamiwa leo na jirani ambaye hajasalimisha. Na serikali yenyewe huwapa baadhi ya raia wa maeneo hayo bunduki kama polisi wa akiba, kwa kuwa kituo cha polisi kiko mbali. Dai la "raia wote" linawagonga hao uso kwa uso, na mwandishi hawataji hata kwa mstari. Kunyamazia hoja ya upande wa pili kunadhoofisha mantiki, na pia kunamwonyesha mwandishi kama mtu asiyefika huko anakokuzungumzia.

Hutaweza kusema yote haya katika kurasa tatu. Chagua mawili, uyachimbe. Aya moja ningeiandika hivi: "Mwandishi anafungua kwa mauaji ya Garissa ili kuunga mkono wazo la kuwapokonya raia silaha. Uchungu wa tukio unamshika msomaji Mkenya mara moja, lakini wauaji walikuwa kundi la kigaidi lisiloguswa na sera inayopendekezwa. Msomaji makini akiliona pengo hilo, hisia ile ile iliyomvuta inakuwa sababu ya kumshuku mwandishi, na shaka hiyo anaingia nayo hata kwenye takwimu za aya ya tano." Linganisha na yako. Na lile jedwali, liondoe.

Darasa zima linanigeukia

*Mwalimu, mimi ni Mkenya Msomali, nimezaliwa na kulelewa Eastleigh, na niko chuoni hapa Nairobi. Kila tunapojadili insha ya silaha, mfano wa kwanza ni Westgate au Garissa, na shingo zote zinageuka kunitazama. Nikisema mfano haufai, naonekana natetea magaidi. Nikinyamaza, naonekana nimekubali. Nisemeje kwa lugha ya kitaaluma?*

Binti yangu, pole, na asante kwa barua hii. Kabla ya lugha ya kitaaluma, nikuhakikishie kwamba unalolilalamikia ni hoja kamili ya tathmini. Hisia hupimwa kwa wanaolizwa nayo, na hupimwa pia kwa wanaotolewa nje ya mlango nayo. Mwandishi akisema "walituvamia", chukua penseli uzungushie kila "tu-" na kila "wa-" katika ukurasa ule. Kisha uliza: mkazi wa Eastleigh yuko upande gani wa mstari huu? Mara nyingi utakuta mwandishi alianza na "magaidi", akapita "watu kutoka mpakani", akamalizia na "wao" asiyeeleweka ni nani. Mtelezo huo uko kwenye karatasi. Unaweza kuuonyesha kwa kidole, na hakuna atakayesema unatetea mtu.

Usikubali wakuambie haya ni mambo ya insha tu. Novemba 2012 bomu lililipua matatu hapo hapo Eastleigh, likaua wakazi na wapita njia. Kesho yake vijana wakavamia maduka na nyumba za Wasomali, majirani wa wale wale waliouawa. Hasira ina miguu, na anayeiamsha kwa maneno anapaswa kujua ameielekeza wapi.

Angalia pia mifano ambayo haichaguliwi. Desemba 2015 al-Shabaab walisimamisha basi karibu na Mandera, wakawataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo ili wajue wa kuua. Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafariki Januari 2016, na taifa likamtunuku nishani baada ya kifo chake. Kisa hiki nacho kina bunduki za kivita, uoga na damu. Kinagusa hisia sawasawa na Garissa, na hakimgeuzi mwanafunzi yeyote kuwa mtuhumiwa darasani. Mwandishi anayezijua habari zote mbili akachagua moja ameamua jambo, na tathmini ina haki ya kumuuliza aliamua nini.

Ukisimama darasani sema hivi: "Mfano huu una nguvu, lakini unaigawa hadhira kwa kabila na dini, wakati dai la insha ni kuhusu silaha na halihitaji mgawanyo huo." Kisha kaa chini, usiongeze neno. Wakigeuza shingo, waache wageuze.

Picha ya mguu

*Mwalimu mwenzangu, nalea chama cha mdahalo katika shule moja ya upili Embakasi. Hoja yetu ilikuwa "Kenya ijitoe katika mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini." Timu yangu ilitetea hoja hiyo kwa data za usalama wa mpaka. Wapinzani wakainua picha ya mtoto aliyekatika mguu, ukumbi ukazizima, waamuzi wakawapa ushindi. Je, hiyo si kuwahonga waamuzi kwa machozi?*

Mwalimu mwenzangu, natambua machungu ya kushindwa nyumbani, lakini hapa nitasimama na wapinzani wako, walau kwa sehemu kubwa.

Nimemwambia mwanafunzi wa Wendani hapo juu kwamba Garissa haikubeba dai lake. Picha ya mtoto inalibeba hili. Shtaka dhidi ya bomu la ardhini ni kwamba halijui nani limemkanyaga, na vita vikiisha hubaki hapo likingoja. Mtoto asiye na mguu ndiye ushahidi wa shtaka lenyewe. Mkataba huu ulipatikana hivyo hivyo. Januari 1997 Diana, binti mfalme wa Uingereza, alitembea kwenye njia iliyosafishwa katikati ya mabomu kule Huambo, Angola, kamera zikimfuata, na akakaa na watoto waliokatwa viungo. Desemba mwaka huo nchi zikatia saini Ottawa, na kampeni ya kimataifa dhidi ya mabomu hayo pamoja na Jody Williams wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Zaidi ya nchi 160 zilijiunga. Mkutano wa kwanza wa kuupitia mkataba ulifanyika hapa hapa Gigiri, kuanzia mwisho wa Novemba 2004. Waathiriwa nao walikuwemo ukumbini.

Ila nina maswali kwa wapinzani wako pia. Picha ilikuwa ya nchi gani, ya mwaka gani? Je, mguu ule ulikatwa na bomu la ardhini kweli, au na kitu kingine? Kama hawakusema, waamuzi walipaswa kuwapunguzia. Kenya ina kisa chake kinachohitaji uangalifu huo huo: mwaka 2002 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wafugaji wa Kimasai na Kisamburu zaidi ya 200 kwa majeraha na vifo vilivyotokana na silaha zisizolipuka katika maeneo ya mazoezi ya kijeshi. Ni mfano mzito, na ni wa nyumbani. Lakini yale yalikuwa mabaki ya makombora, hayakuwa mabomu ya kutegwa. Mdahalishaji mwaminifu atautumia kuonyesha kile ambacho kilipuzi kilichosahauliwa hufanya, na atasema wazi kwamba mkataba wa Ottawa hauhusiki na kisa hicho. Akisema hivyo, mimi kama mwamuzi nitamwamini zaidi kwa yote mengine.

Timu yako nayo ilikuwa na hoja bora kuliko ilivyoitumia. Mwaka 2025 Lithuania, Latvia, Estonia, Ufini na Poland zilichukua hatua za kujitoa katika mkataba huu, zikitaja tishio la Urusi, ambayo haijajiunga nao. Hizo ni nchi zilizoahidi na kubadilisha nia, na sababu yao si ya kipuuzi. Wakati wa kulisema hilo ulikuwa pale pale ukumbini, masikio yakiwa wazi. Badala yake vijana wako walisoma data za mpaka wa Somalia bila kueleza jinsi bomu la ardhini lingemzuia mtu anayetega vilipuzi vyake mwenyewe barabarani Mandera na Lamu. Nimesoma muhtasari ulionitumia mara mbili na sijaona kiungo hicho. Picha iliwamaliza kwa sababu upande wenu hapakuwa na kitu cha kuizuia. Wakutanishe tena muhula ujao, na uwape vijana wako upande wa kupinga.

La haraka

*Mwalimu, niko Kidato cha Nne, Githurai. Je, maswali ya balagha yanaongeza alama katika insha ya silaha? Mwalimu wetu anasema tuweke matano.*

Mwanangu, sitaki kugombana na mwalimu wako, kwa hiyo weka moja zuri uone kama atakumbuka yale manne. "Je, tutaendelea kufa?" halina kazi, maana hakuna anayejibu ndiyo. Jaribu hili: "Nani atamlinda mfugaji wa Kapedo wiki ile ambayo yeye amesalimisha bunduki na jirani yake bado?" Hilo linauma, na litakulazimisha ulijibu katika aya inayofuata. Usipolijibu, mtahini atakukata, tena kwa haki.